Anayetumia warfarini asitishwe na mchicha, aulizwe dukani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wakiwa majumbani mwao, na khasa wale wanaotumia warfarini, ambayo wengi wetu Unguja na Pemba tunaiita dawa ya kuyeyusha damu. Nimeifanya kazi ya famasi kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na ijapokuwa nimestaafu, jamaa na majirani bado huniletea mifuko yao ya dawa niwasomee. Katika kuwasikiliza nimeona kwamba onyo wanalolikumbuka karibu wote ni moja: wameambiwa wasile mboga za majani. Mchicha umeharamishwa nyumbani, kisamvu kinapikwa kwa ajili ya wengine, matembele hayatajwi. Ukimuuliza mtu huyohuyo iwapo aliambiwa lolote kuhusu Flagyl, Septrin, diklofenaki au vidonge vya fangasi, anashangaa kwa nini unamuuliza. Kwa maoni yangu hofu imewekwa mahali isipostahili, na pale ilipostahili pameachwa wazi.

Ieleweke kwanza kwamba wanaotumia dawa hizi si wazee peke yao. Visiwani kwetu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika, ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi huanza utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa sawasawa, kisha ukaharibu valvu za moyo pole pole, na ukaja kujidhihirisha mtu akiwa kijana, mara nyingi msichana aliyekwishaolewa au mama mwenye watoto wadogo. Baadhi yao hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, wengine India, wakawekewa valvu ya chuma, na kuanzia siku hiyo warfarini inakuwa dawa ya maisha, kwa sababu damu inayopita juu ya valvu hiyo huwa tayari kuganda wakati wowote. Wapo pia ambao moyo wao unapiga bila ya mpangilio na wanakingwa wasipate kiharusi, na wapo walioganda damu kwenye mishipa ya miguu au kwenye mapafu. Wote hawa hawalazwi. Wanaishi kwao, wanakwenda shamba, wanauza dukani, wanasomesha skuli, na wakiumwa jino au tumbo hutafuta dawa pale pale tunapotafuta sisi wengine.

Dawa yenyewe haina nafasi kubwa ya makosa. Ini hutumia vitamini K kukamilisha protini nne zinazosaidia damu kuganda. Warfarini huzuia vitamini hiyo isirejeshwe katika hali ya kutumika tena, na kwa hivyo protini hizo hupungua. Kupungua huko huchukua siku, kwani zile zilizokwishatengenezwa lazima ziishe kwanza: moja hupungua baada ya saa chache, nyengine huhitaji siku mbili au tatu. Daktari huipima hali hiyo kwa kipimo cha damu kinachoitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na 1 hivi. Mgonjwa wa kawaida wa warfarini hutakiwa abakie kati ya 2 na 3, na wengi wenye valvu ya chuma upande wa kushoto, ile inayoitwa mitrali, hutakiwa wawe juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu inaweza kuganda juu ya valvu au kupeleka donge kwenye ubongo. Juu ya hapo, khasa ikipindukia 5, hatari ya kuvuja damu inapanda kwa haraka. Njia ya salama imo kati ya namba hizo mbili, na kila dawa nyengine anayoongezewa mgonjwa inaweza kumsukuma upande mmoja au wa pili.

Tuchukulie mtu wa Micheweni aliyewekewa valvu, ambaye INR yake imetulia miezi kadhaa. Anashikwa na jino. Anakwenda duka la dawa lililo karibu, anaeleza shida yake, na anapewa kile ambacho kila mwenye jino hupewa: amoksilini, metronidazoli (ndiyo hiyo Flagyl) na diklofenaki. Hakuna aliyemdhulumu, kwani kwa mtu mwengine dawa hizo zingefanya kazi yake na jino likatulia. Kwake yeye mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Warfarini huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na kimeng'enya kinachoivunja ile sehemu yake yenye nguvu zaidi huzuiwa na metronidazoli. Ni mfano wa gati yenye wachukuzi wachache: wakizuiwa kufanya kazi, shehena iliyokuwa ikiondolewa kila siku inaanza kurundikana. Mgonjwa anameza kidonge kilekile, kwa saa ileile, lakini warfarini iliyomo mwilini mwake inazidi siku hadi siku. Wakati huohuo diklofenaki inachubua utando wa tumbo na inazipunguzia nguvu chembe sahani, ambazo ndizo za mwanzo kuziba kidonda.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba haya yote hayaonekani siku ile ya kwanza. Mwishoni mwa dozi ya metronidazoli, au baada ya hapo kidogo, fizi zinaanza kutoka damu anapopiga mswaki, mkojo unabadilika rangi, choo kinakuwa cheusi kama lami, au kichwa kinaanza kumuuma kwa namna asiyoizoea. Wakati huo jino limeshapoa na vidonge vimeshakwisha. Nani atakumbuka kulitaja jino? Nyumbani watasema amefanyiwa jambo, au watasema dawa ya moyo ni kali na ingefaa aiache, na akiiacha bila ya ushauri, anatoka kwenye hatari ya kuvuja damu na kuingia kwenye hatari ya kiharusi.

Metronidazoli si peke yake. Septrin huvuta upande huohuo, na nguvu yake ni kubwa. Flukonazoli, ambayo wanawake wengi hupewa kwa ajili ya fangasi wa ukeni, hata kidonge kimoja cha miligramu 150 kinastahili kutajwa kwa daktari. Jeli ya mikonazoli inayopakwa mdomoni, ambayo mtu anaweza kudhani kuwa ni ya juu juu tu, ilitolewa onyo Uingereza mwaka 2016 na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwa sababu ya kuvujisha damu kwa watu wanaotumia warfarini. Siprofloksasini na erithromisini nazo zimo. Kwa upande wa hospitali kuna amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, ambayo hukaa mwilini kwa wiki na miezi hata baada ya kuachwa. Lakini hiyo huandikwa na daktari wa moyo, naye kwa kawaida anajua anachokifanya. Hofu yangu iko kwa zile zinazonunuliwa kwa noti ya elfu moja au elfu mbili bila ya cheti.

Kuhusu dawa za maumivu kuna jambo ambalo hata wahudumu wa afya wengine hawalizingatii. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumvujisha mtu damu tumboni hali ya kuwa INR yake ni nzuri kabisa, kwa sababu madhara yake makubwa yako kwenye tumbo na kwenye chembe sahani, na kipimo cha INR hakivipimi viwili hivyo. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kuoneshwa karatasi iliyoandikwa 2.6, akarudi kwao akiwa ameridhika, na huku kidonda cha tumbo kinaendelea kutoa damu. Kuna wachache wanaopewa aspirini pamoja na warfarini kwa makusudi, kwa uamuzi wa daktari wa moyo, na hao wasiache kwa sababu ya barua hii. Wengine, kwa maumivu ya kawaida, watumie parasetamoli, nayo kwa kiasi: vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, kwa siku chache, mara nyingi havina tatizo, lakini anayevimeza vinane kila siku kwa wiki nzima kwa ajili ya magoti anaweza kuipandisha INR yake bila ya kujua. Sindano ya diklofenaki ya kitako ni mbaya zaidi, kwani huongeza uwezekano wa damu kujikusanya ndani ya msuli. Hapa niwatoe wasiwasi wale wenye ugonjwa wa valvu wanaochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne: hiyo ni kinga yao na wasiiache, bali wamwambie muuguzi kuwa wanatumia warfarini, INR yao ijulikane, na pahala palipochomwa pabanwe kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Upande wa pili wa mizani yuko mgonjwa wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo ni ya miezi sita, na katika muda wote huo mgonjwa humeza rifampisini. Dawa hii haizuii vimeng'enya vya ini. Inalifanya ini litengeneze vingi zaidi, na warfarini inavunjwa haraka kiasi kwamba mara nyengine dozi yake hubidi iongezwe mara mbili, mara tatu, hata mara tano ili INR irudi pale inapotakiwa. Kliniki ya kifua kikuu ina kadi yake, kliniki ya moyo ina kadi yake, na mgonjwa ni mmoja. Kama kadi hizo hazionani, miezi ya mwanzo anaweza kuganda damu. Na kama zilionana mwanzoni, dozi ikapandishwa ipasavyo, hatari inahamia mwisho wa matibabu, pale mgonjwa anapopongezwa kwa kumaliza dozi na hakuna anayekumbuka kwamba katika wiki mbili hadi nne zinazofuata nguvu ya rifampisini itaondoka, vimeng'enya vitarudi kuwa vichache kama zamani, na ile dozi kubwa ya warfarini itabaki peke yake mwilini. Siku ya kumaliza dawa za kifua kikuu inapaswa kuandikwa katika kumbukumbu za kliniki ya moyo tangu siku zilipoanzwa. Kwa wanaotumia karbamazepini, fenitoini au fenobabitoni kwa ajili ya kifafa hali ni ya aina hiyohiyo, ijapokuwa wengi wao wamezitumia muda mrefu na mwili umeshazoea. Tatizo kwao ni pale dawa ya kifafa inapobadilishwa au inapokosekana kwa mwezi mzima.

Sasa nirudi kwenye mchicha, maana sitaki nieleweke kuwa chakula hakina maana. Mboga za kijani zina vitamini K nyingi, na mtu asiyezila kabisa akaamua ghafla kula kisamvu kila siku au kunywa unga wa mlonge asubuhi na jioni, INR yake itashuka. Lakini dozi ya warfarini hupangwa kwa kuangalia namna mtu anavyokula. Aliyezoea mchicha mara tatu kwa wiki na aendelee na mara hizo tatu, na daktari atapanga dozi juu ya mazoea hayo. Aliyetishwa akaziacha mboga zote anajiweka pabaya zaidi, kwa kuwa akiba yake ya vitamini K inakuwa ndogo mno na jambo dogo linamyumbisha: siku mbili za kuharisha, homa iliyomkosesha hamu ya kula, au antibayotiki. Na mara nyingi mambo haya matatu huja pamoja. Mtu mgonjwa asiyekula, aliyepewa metronidazoli kwa ajili ya kuharisha, huyo ndiye wa kukimbiziwa kipimo, na si yule aliyekula bakuli la mchicha nyumbani kwa shemeji yake.

Kwa viungo vyetu nasema hivi: pilau haijamvujisha mtu damu. Tangawizi, kitunguu thomu, bizari ya manjano na karafuu kwa kiasi kinachoingia chunguni si tatizo. Tatizo ni pale viungo hivyo vinapogeuzwa dawa, kwa mfano thomu mbichi punje nyingi kila asubuhi, vidonge vya manjano vilivyokolezwa, au michanganyiko ya chupa isiyo na orodha ya vilivyomo. Siwalaumu waganga wa tiba asili. Zanzibar ina baraza linalowasimamia, na naamini wengi wao wangeuliza kama wangejua cha kuuliza. Kuna pia mafuta ya kuchua viungo yenye methili salisileti, yale yenye harufu kali ambayo wazee hujipaka magotini na mgongoni. Dawa hiyo hupenya ngozi, ni ya ukoo mmoja na aspirini, na zimeripotiwa habari za watu wa warfarini ambao INR yao ilipanda kwa kujichua nayo sana. Na wanaokwenda kuumikwa, au hijama kama inavyoitwa zaidi siku hizi, wamjuulishe mwumikaji kabla ya wembe kugusa ngozi, na ushauri wangu ni kwamba wasiende kabisa bila ya kumuuliza daktari wao.

Nitaambiwa kwamba warfarini ni dawa ya zamani na kwamba zipo mpya zisizo na usumbufu huu. Ni kweli kwamba rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani hazihitaji INR na hazijali mchicha, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini kwa wagonjwa niliowataja mwanzo hazikufaa. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wenye valvu za chuma, na jaribio likasitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu walioitumia walipata damu kuganda zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko waliokuwa na warfarini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya utafiti mwengine, uliowafuatilia zaidi ya wagonjwa 4,500 wa valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi na wenye mapigo yasiyo na mpangilio, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na waliotumia dawa za aina ya warfarini wakaonekana kuwa na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa hivyo warfarini itakuwa nasi kwa muda mrefu.

Hata hao wanaofaa kutumia dawa mpya hawakuokoka na kugongana kwa dawa. Rifampisini na dawa za kifafa nilizozitaja huzipunguza nguvu, dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli huzizidisha, na diklofenaki huchubua tumbo vilevile. Tofauti ni kwamba huku hakuna INR ya kututahadharisha. Na kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hubadilisha saa za kila kitu, niongeze kwamba rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula ili iingie mwilini vizuri, kwa hivyo mahali pake ni kwenye futari, si baada ya tende moja na maji. Ilhali apiksabani humezwa mara mbili kwa siku, na anayetaka kufunga azungumze na daktari mapema jinsi ya kuigawa kati ya futari na daku. Anayetumia warfarini hana shida ya saa, kwani hukaa mwilini muda mrefu na kidonge cha jioni kinaweza kumezwa baada ya kufuturu. Kinachohitaji kuangaliwa kwake ni mabadiliko ya chakula cha mwezi mzima.

Baada ya maelezo hayo, ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Kila mgonjwa anayeanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda Zanzibar apewe kadi ya Kiswahili ya kutembea nayo, yenye jina la dawa, sababu ya kuitumia, kiwango cha INR anachotakiwa kuwa nacho, majibu ya vipimo vyake vya karibuni, na upande wa nyuma majina ya dawa zisizotolewa bila ya kumuuliza daktari wake, yakiandikwa kwa herufi kubwa na kwa majina ambayo watu wanayajua. Uingereza walikuwa na kijitabu cha manjano cha namna hii kwa miaka mingi, na mwaka 2007 taasisi iliyokuwa ikisimamia usalama wa wagonjwa huko ikaagiza kwamba maelezo ya maandishi yatolewe tangu mwanzo wa matibabu na kwamba wanaotoa dawa wahakikishe INR inafuatiliwa kabla ya kuendelea kumpa mgonjwa. Hapa kwetu Wizara ya Afya ina uzoefu wa kadi. Mama wa Makangale au wa Makunduchi anaitunza kadi ya kliniki ya mtoto wake miaka mitano, ndani ya mfuko wa nailoni, na anajua kwamba bila ya kadi hiyo hapokelewi vizuri. Hatashindwa kuitunza na yake.

Kadi peke yake haitoshi kama hakuna wa kuiomba. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, unaosajili na kukagua maduka ya dawa, uwaagize wenye maduka kwamba kabla ya kutoa metronidazoli, Septrin, flukonazoli, siprofloksasini au dawa yoyote ya jamii ya diklofenaki, muuzaji aulize swali moja: «Unatumia dawa yoyote ya moyo au ya kuyeyusha damu?» Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Mimi mwenyewe najua namna duka linavyokuwa jioni, watu wamejazana, mmoja anataka panadoli, mwengine chenji yake, na kijana anayeuza ameajiriwa juzi. Ndiyo maana nataka swali liandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya mteja, ili naye asipoulizwa ajitaje mwenyewe. Muuzaji hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa akipata jibu la «ndiyo» asitoe dawa hiyo kwa kubahatisha, bali ampigie simu mfamasia au amwelekeze mgonjwa kituo cha afya.

Najua pia kwamba tukisema «nenda ukapime INR» tunamwambia mtu wa mbali apande gari mapema asubuhi, na pengine apande boti, na wakati wa kusi bahari haimngojei mtu. Kwa ajili hiyo ningependa kuona kipimo kile kidogo cha tone la damu la kidoleni, ambacho kinatoa jibu pale pale, kikiwekwa katika hospitali za wilaya za Unguja na Pemba. Gharama yake si ndogo, lakini ifananishwe na gharama ya kumtibu mtu aliyevuja damu kichwani, au ya kumrudisha India kwa valvu iliyoganda. Nawashauri pia wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba katika shehia waongezewe swali hilohilo katika maswali yao, kwani wao ndio wanaoingia ndani na kuona kilichowekwa juu ya kabati.

Kwa wale wanaoisoma barua hii wakiwa wanatumia warfarini, na pengine wameshaanza Flagyl au Septrin jana au juzi: msiiache warfarini wala msipunguze kidonge kwa kukisia. Nendeni hospitali iliyo karibu mkiwa na paketi zote mbili mkononi, mseme siku mliyoanza dawa mpya, na muombe INR ipimwe ndani ya siku tatu hadi tano tangu mlipoianza, kisha tena baada ya kuimaliza. Mkiona choo cheusi, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma, michubuko inayotokea bila ya kujigonga, au kichwa kinachouma ghafla na kwa nguvu, msisubiri kuche, na aliyeanguka akagonga kichwa apelekwe hata kama anasema hajambo.

Mfamasia mstaafu,
Wete, Pemba